Kwa nini watafiti wa kompyuta wachunguze michezo

Umeuliza kwa nini watafiti wa matumizi ya kompyuta wahangaike na michezo na maigizo wakati programu za kazini bado zinatusumbua. Mimi naamini mchezo hufichua mambo ambayo maabara haiyaoni.

Chukua mchezo wa Can You See Me Now?, ulioanza Sheffield, Uingereza, mwaka 2001. Kundi la wasanii la Blast Theory lilishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham. Wachezaji walikuwa kwenye intaneti, wakikimbia ndani ya ramani ya mji, huku wasanii wakiwafukuza kwa miguu katika mitaa halisi, wameshika kompyuta ndogo zenye GPS, yaani kifaa cha kutambua mahali ulipo kwa setilaiti. GPS ilikosea mara kwa mara. Ungedhani hapo mchezo umeharibika, sivyo? Wasanii hao wakajifunza mji upya: wapi mawimbi yanapotea, wapi yanarudi, kisha wakaanza kuvizia wachezaji kutokea hapo hapo. Hili hunigusa kuliko yote, maana hitilafu iligeuka kuwa ujuzi. Nawe ukisogea dirishani kutafuta mtandao wa simu, unafanya jambo la aina hiyo hiyo.

Halafu kuna Drift Table ya mtafiti wa ubunifu William Gaver na wenzake, ya mwaka 2004. Ni meza ya sebuleni yenye kidirisha kinachoonyesha picha za ardhi kutoka angani, zikipita polepole. Uzito wa vitu unavyoweka juu yake ndio unaoamua zielekee wapi. Haikupewa kazi yoyote. Ilipelekwa nyumbani kwa watu, wakaachwa waamue wenyewe ni ya nini.