Kura ni ya mapenzi, tuzo ni ya kazi

Swali lenu la wiki hii: tuzo za katuni za watoto kwenye televisheni ziamuliwe na nani, watoto wenyewe au majaji watu wazima? Mimi nasema majaji, na najua nitapingwa. Katuni ni ya mtoto, sasa mtu mzima anaingilia nini?

Tuangalie kwanza pale ambapo watoto ndio wapiga kura. Tuzo za Kids' Choice, zinazotolewa na Nickelodeon, kituo cha televisheni cha watoto huko Marekani, zina kipengele cha katuni inayopendwa zaidi, na tangu 2003 mshindi amekuwa SpongeBob, yule sifongo wa baharini wa katuni ya Nickelodeon yenyewe, karibu kila mwaka. Sina ugomvi na SpongeBob, ananichekesha hadi leo. Ila shindano ambalo mshindi wake unamjua kabla kura hazijahesabiwa linakuonyesha tu kile watoto walichokizoea. Na tusijifanye hatuoni kwamba mwenye tuzo ndiye huyohuyo mwenye katuni.

Mwaka 2008 mambo yaligeuka. Kura zilimpita SpongeBob zikaenda kwa Avatar: The Last Airbender, hadithi ya Aang, mvulana anayetakiwa kukomesha vita vilivyodumu miaka mia. Nayo ni ya Nickelodeon, lakini safari hii haikusifiwa nyumbani tu: ilipata pia Peabody ya mwaka huo, tuzo iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Georgia, ambako majaji hawampi mtu tuzo mpaka wote wakubaliane. Walichokisifu ni wahusika wasioeleweka kwa mara moja, na jinsi katuni ile isivyofanyia mzaha madhara ya vita.

Hapo mtu ataniambia, unaona, watoto na wakubwa wamechagua kitu kimoja, basi watoto wanatosha. Hapana. Mtoto alimpenda Aang kwa sababu anapuliza upepo na kupanda nyati anayepaa, na hizo ni sababu nzuri kabisa. Hakuhitaji kujua kwamba mle ndani, ambamo watu hupigana kwa kutawala maji, ardhi, moto au hewa, kila mtindo wa kupigana umetokana na sanaa halisi ya mapigano ya Kichina: maji ni Tai Chi, ardhi ni Hung Gar, moto ni Shaolin ya Kaskazini, hewa ni Bagua. Mikono ya watu wa maji haikatiki, inazunguka na kurudi. Watu wa ardhi wanakita miguu kwanza ndipo wapige. Toph, msichana kipofu, ni wa ardhi pia lakini hapigani kama wenzake, maana alipewa mtindo wa peke yake, ule wa vunjajungu. Waanzilishi wa katuni hiyo, Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, walimchukua mwalimu wa kung fu, Sifu Kisu, kuwashauri kuhusu miondoko yote hiyo.

Kazi ya namna hiyo hakuna mtoto atakayeipigia kura. Mwaka 2007 mchoraji Sang-Jin Kim alipata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, ya mtu binafsi katika uchoraji wa katuni kwa kipindi kimoja cha Avatar, "Lake Laogai". Mtoto gani angemtaja? Wahusika anawajua wote, ila wachoraji hawajui, wala si kosa lake. Lakini kama hakuna mtu mzima wa kuwatambua, nani atawatambua?

Majaji nao nina shaka nao upande mmoja. Wanapenda kipindi kimoja kinachowaliza, kisha wanaona wamemaliza. Chukua kipindi cha Avatar cha mwaka 2006 kinachomfuata mhusika mmoja, mzee Iroh, katika mji wa Ba Sing Se. Anapita sokoni, anambembeleza mtoto anayelia kwa wimbo, jioni anapanda kilimani, anaweka picha ya mwanawe aliyekufa vitani, anaimba wimbo uleule na sauti inamkwama. Mwishoni kipindi kinatolewa kwa heshima ya Mako, mwigizaji aliyekuwa sauti ya Iroh, aliyefariki Julai mwaka huohuo. Ukikiona hicho peke yake, utalia, sawa. Lakini aliyefuatilia tangu mwanzo anajua kwamba Iroh ndiye aliyekuwa jenerali wa jeshi lililouzingira mji huohuo kwa siku 600, na mwanawe alikufa katika mzingiro alioamuru yeye baba. Sasa yumo ndani ya kuta za mji huo kama mkimbizi, anamwimbia mtoto wa watu aliotaka kuwashinda. Uzito wa kilio kile umejengwa kidogokidogo katika vipindi vilivyotangulia, tena katika sentensi fupi fupi ambazo jaji mwenye haraka angezipitia bila kuziona.

Kwa hiyo watoto wabaki na kura yao, waendelee kumchagua SpongeBob hadi wachoke wenyewe. Tuzo ya ufundi waachiwe majaji, kwa sharti kwamba wametazama mfululizo wote. Avatar ina vipindi 61, kila kimoja hakifiki hata nusu saa. Jaji asiye na muda huo akatae kiti.