Kabla ya kubadilisha programu, fuata mfuko wa saruji

Ndugu yangu, umesema una saiti tatu za ujenzi, umelipia programu ya usimamizi miezi sita, na bado mwisho wa mwezi hujui ipi inakula hela. Kwa maelezo yako, shida naiona pale taarifa inapozaliwa, kabla hata haijafika kwenye kompyuta.

Chagua saiti moja, ufuate saruji kuanzia dukani hadi kwenye zege. Nani alipokea? Aliandika wapi? Ilichukua siku ngapi kukufikia? Mimi nilipofanya hivyo nilikuta mtunza stoo anaandika daftarini, foremani anapiga picha ya ukurasa na kuituma WhatsApp, halafu karani anaichapa upya Jumamosi. Kitu kimoja kimeandikwa mara tatu, na hesabu hazilingani.

Kisha linganisha na kazi yenyewe. Zege la 1:2:4 (saruji sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne) hula takriban mifuko 6 na nusu ya kilo 50 kwa mita moja ya ujazo. Slabu ya mita 10 kwa 8, unene sentimita 15, ni mita za ujazo 12, yaani mifuko kama 78. Daftari likisoma 95, uliza siku hiyohiyo, mafundi wakiwa bado wapo. Uliza kwa upole. Ukifoka, wiki ijayo utaletewa hesabu za kutunga.

Majina nayo yawe mamoja. "Nondo 12", "Y12" na "nondo ya milimita 12" ni kitu kilekile, ila kompyuta huziona bidhaa tatu.

Na mtunza stoo akituma hesabu kwa simu, bando lake ulipie wewe.