Mtihani wa mantiki: unachokijua kiache getini

Nianze na Fort Jesus, ile ngome ya kale hapa Mombasa, maana ndiyo iliyowaangusha vijana watatu niliokaa nao juzi hapa Majengo, wakijiandaa kwa usaili wa kazi. Swali lilikuwa hivi: Ngome zote za Wareno zimejengwa kando ya bahari. Fort Jesus iko kando ya bahari. Kwa hivyo Fort Jesus ilijengwa na Wareno. Hitimisho linafuata, au halifuati?

Wote watatu wakaandika linafuata. Mmoja akanitajia na mwaka, 1593. Mwaka ni sahihi, ndipo ujenzi ulipoanza, na waliojenga ni Wareno kweli. Lakini jibu ni makosa. Toa Fort Jesus hapo, tia hoteli yoyote ya ufukweni Nyali. Nayo iko kando ya bahari. Utasema ni ya Wareno?

Basi wewe unayeanza, shika hili kwanza: huulizwi kama hitimisho ni kweli. Unaulizwa kama zile kauli mbili za juu zinakulazimisha ulikubali. Jambo linaweza kuwa kweli tupu, kila mtoto wa Mombasa analijua, na bado lisifuate. Na kinyume chake pia. Kijana mmoja aligoma kabisa swali lililosema magari yote ya kwenda pwani ya kusini huvuka kwa feri. "Mzee, siku hizi si watu wanapita barabara ya Dongo Kundu, bila feri?" Kweli wanapita. Lakini kwenye karatasi ile hakuna Dongo Kundu. Kauli ya mwanzo unapewa, huijadili, hata ingesema samaki wote hupanda minazi.

Sisi wenyeji tuna shida zaidi kwa sababu mifano ikigusa mambo tunayoyajua, tunajibu kwa ujuzi wa mji. Mimi mwenyewe niliwahi kukosa kazi hivyo. Nilikuwa karani wa kutoa mizigo bandarini, nikaomba nafasi ya juu zaidi kwingine, na mtihani ukaleta makontena. Makontena yote yaliyopigwa sili yamekaguliwa. Kontena hili halijapigwa sili. Kwa hivyo halijakaguliwa. Nikacheka moyoni, nikaandika linafuata, nikageuza ukurasa. Miaka sita nimeshika sili mkononi, nani aniambie? Ila karatasi haikusema popote kwamba kila lililokaguliwa hupigwa sili. Huenda limekaguliwa saa hii na sili bado iko mfukoni mwa mkaguzi. Nilijibu maswali kadhaa kwa mtindo huo, na barua ya kuitwa haikuja.

Dawa niliyoipata baadaye ni moja, na ni ya ukaidi: jaribu kulivunja hitimisho. Jitungie kisa, hata cha kipuuzi, ambamo kauli zote za juu ni kweli na hitimisho ni uongo. Ukikipata kisa kimoja tu, andika halifuati, songa mbele. Mkaguzi mwenye sili mfukoni ni kisa cha namna hiyo. Wengi hufanya kinyume, wanatafuta kisa kinachokubaliana na hitimisho, na hicho hakikosekani kamwe. Ndiyo maana hata wanaochora maduara kuonyesha kundi lipi liko ndani ya lipi, ile njia iliyopewa jina la Mswisi Leonhard Euler wa karne ya 18, bado hukosea. Wanachora picha moja, ile iliyowajia kwanza, wanatulia. Chora ile inayokuudhi.

Neno linaloua watu wengi kuliko yote ni "baadhi". Mama akisema jikoni "baadhi ya mahamri yameungua", unaelewa kuna yaliyopona, utakunywa nayo chai. Hayo ni mazungumzo ya watu. Kwenye mantiki "baadhi" maana yake ni angalau moja, na halikatazi yakawa yote. Kwa hivyo ukipewa "baadhi ya wavuvi ni waogeleaji", usikimbilie "baadhi ya wavuvi si waogeleaji". Halifuati. Hata nikieleza mara tatu, mara ya nne mtu anarudi kwenye mahamri. Na ukikutana na "baadhi" mbili mfululizo (baadhi ya makarani wanakaa Likoni, baadhi ya wanaokaa Likoni ni wapishi), jua hakuna unachoweza kusema juu ya makarani na wapishi. Huenda hawajawahi hata kuonana.

"Tu" nalo liangalie. Wenye pasi tu ndio wanaoingia getini: haina maana kila mwenye pasi ataingia. Aliyewahi kusimama geti la bandari hahitaji maelezo zaidi.

Ukikosea sana usijione mjinga. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Mwingereza, Peter Wason, alieleza jaribio la kadi nne, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Unazoona ni E, K, 4 na 7. Kanuni: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ugeuze kadi zipi ili kujua kama kanuni imevunjwa? Watu wengi huchagua E na 4, au E peke yake. Jibu ni E na 7, kwa sababu 4 haiwezi kuvunja kanuni hata nyuma yake kuwe na nini, lakini 7 yenye irabu nyuma inaivunja. Niliwapa wazee wenzangu barazani, kwenye kahawa, wakachagua E na 4 kwa kauli moja.

Nikawabadilishia. Kwenye feri ya Likoni aendaye kwa miguu huvuka bure, mwenye gari hulipa. Mbele yako kuna mwenye gari, mwenda kwa miguu, mwenye risiti, na asiye na risiti. Utamsimamisha nani? Hata kikombe hakikushushwa: mwenye gari, na asiye na risiti. Ni swali lile lile la kadi! Kwa hivyo herufi na namba zikikukanganya, zigeuze ziwe watu wa feri. Najua nimesema ujuzi wa mji uuache getini. Uache kama ushahidi, ila mifano yake itumie kujipimia.

Muda usikushughulishe wiki za mwanzo. Fanya maswali kumi polepole, na kila ulilosema halifuati, andika pembeni kisa ulicholivunjia.

Anza na hili usiku wa leo. Hakuna mvuvi mwenye haraka. Baadhi ya wenye haraka ni makanga (makondakta wa matatu). Hitimisho la kwanza: baadhi ya makanga si wavuvi. La pili: baadhi ya wavuvi si makanga. Moja linafuata, jingine halifuati.