Mtalaka wangu kila siku "karatasi ziko Unguja", nifanyeje?

SWALI: Assalaam alaykum wakili. Mie niko Wete, Pemba, tumeachana na mtalaka wangu mwaka jana, talaka moja, eda imeisha na hakunirejea. Ndoa miaka 14, watoto watatu. Nimefungua madai ya mgao wa mali kwa Kadhi, Kadhi akamwambia alete orodha ya mali zake na vielelezo, huu mwezi wa sita hajaleta kitu. Mara karatasi ziko Unguja, mara wakili wake anaumwa, mara kasafiri. Kuna nyumba Fuoni tulojenga pamoja, duka la nguo Darajani, gari ya kusomba mchanga na mikarafuu ya kwao alorithi kwa baba yake. Sasa nasikia nyumba anataka kumuandikia kaka yake. Nasubiri mpaka lini? Na asipoleta orodha nusu yangu inakuwaje?

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu, pole sana.

Nianzie hapo mwisho, kwenye hiyo "nusu yangu", maana ndo inowapoteza wengi. Kwetu huku hakuna nusu inayokuja yenyewe kwa sababu mlioana. Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Bara, Zanzibar haifanyi kazi, na ile kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 watu wanayorushiana kwenye magrupu, iliyosema kazi za nyumbani nazo ni mchango, ni ya Bara vilevile. Sisi tuna Sheria ya Mahakama ya Kadhi Namba 9 ya 2017, inampa Kadhi uwezo wa kugawa mali za wanandoa pale penye mchango halisi. Hayo maneno mawili, mchango halisi, yaandike pahala uyaone kila siku.

Maana yake nini kwako? Hata kesho huyo bwana akija na orodha iliyonyooka, kila kitu kimeandikwa, bado Kadhi atakugeukia wewe akuulize, haya bibi, wewe humu umetia nini? Kwa hiyo umekaa miezi sita unangojea karatasi ambayo hata ikija haikumalizii kazi. Yeye anachelewesha, sawa, lakini huo muda anaoupoteza ni wako pia na wewe hujautumia.

Lakini kabla ya hayo kuna moto wa kuzima kwanza, nyumba. Hili usingojee tarehe ya kesi, nenda wiki hii kaombe amri ya zuio kwa Kadhi huyohuyo, kwamba nyumba ya Fuoni isiuzwe, isitolewe hiba (zawadi), isiwekwe rehani mpaka shauri liishe. Ukishaipata usiikunje ukaitia mkobani, toa kopi, moja ya sheha wa Fuoni, moja Kamisheni ya Ardhi, na moja Bodi ya Uhaulishaji Ardhi kwa sababu kwa sheria ya 1994 kuhamisha ardhi lazima kupite kwenye bodi hiyo. Na kila unapopeleka hakikisha wanakugongea muhuri wa kupokea kwenye kopi yako. Na akija kusema "nilishampa kaka yangu hiba zamani", usibabaike. Kwa fiqhi yetu ya Kishafii hiba haitimii kwa mdomo wala kwa karatasi peke yake, lazima mtu akabidhiwe kitu chenyewe. Sasa kama kodi ya nyumba anachukua yeye, funguo anazo yeye, kaka mtu hajawahi hata kubadilisha kitasa, hiyo hiba ya wapi? Tafuta wapangaji wakwambie wanamlipa nani.

Sasa turudi kwenye mchango. Hebu kaa chini na daftari, usiku watoto wakilala, andika nyumba ile tokea kiwanja. Kilinunuliwa mwaka gani, hela zilitoka wapi, nani alishuhudia. Umeniambia uko Wete, basi naamini kuna msimu uliuza karafuu, ZSTC, lile shirika la serikali linonunua karafuu, wanapopima wanatoa stakabadhi, zitafute hata zile zilizopauka. Uliuza dhahabu? Rudi kwa sonara, wengine wana madaftari ya miaka. Upatu ulipokea mwezi gani na nani kijumbe, yule anokusanya hela za upatu? Kijumbe ni shahidi. Kama ulikuwa ukimtumia hela kwa simu, omba taarifa ya miamala ya laini YAKO, na ya akaunti YAKO ya benki, hizo hakuna wa kukunyima.

Nna mteja mmoja alikuja ofisini analia hana hata risiti moja, nikamuuliza fundi alikuwa nani, akanitajia. Kumbe fundi alikuwa akiandika hesabu za matofali nyuma ya daftari la skuli la mtoto wa yule mama, kila Ijumaa, tofali ngapi, saruji mifuko mingapi, na kapokea kwa nani. Daftari la hesabu la darasa la tatu! Mbele mwandiko wa mtoto na masahihisho ya mwalimu, nyuma nyumba nzima. Fundi akaitwa, Kadhi akamuuliza swali moja tu, ujira wako alokuwa akikupa nani? Akasema "bibi, mzee nilikuwa namuona siku ya kumwaga zege". Mtalaka wa yule mama mpaka leo orodha yake hajaileta na haikuhitajika.

Vitu vyake yeye navyo si lazima vitoke mkononi mwake. Jina la biashara limesajiliwa kwa nani unaweza kuuliza BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali, leseni ya duka iko Baraza la Manispaa, gari ina namba ya usajili (piga picha ubavuni inavyoonekana, uiandike na tarehe). Nyumba angalia hata mita ya umeme ya tukuza iko kwa jina la nani, si ushahidi wa umiliki lakini inasaidia kumbana mtu anosema nyumba haijui. Akaunti zake za benki hapo huwezi peke yako, benki haitokupa na usijaribu kupenya kwenye simu yake, utaharibu kesi yako mwenyewe. Wewe sema tu unadhani ana akaunti benki gani, tawi gani, umuombe Kadhi aiandikie benki au amuite afisa wao. Ombi liwe la kitu maalumu. Ukisema "naomba alete mali zake zote" ataleta hadithi, ukisema "naomba taarifa ya akaunti ya benki fulani tokea Januari 2022" hapo hana pa kujificha.

Na hizo ahirisho. Kila akikwama usinyamaze ukaondoka kwa hasira, omba pingamizi lako liandikwe kwenye jalada, tarehe na sababu aliyotoa. Zikifika tatu nne, wewe au vakili wako (anokuwakilisha mbele ya Kadhi) muombe Kadhi atoe tarehe ya mwisho kwa amri, na kwamba akipitisha ushahidi wako usikilizwe upande mmoja. Sababu tofauti sita zikisomwa mfululizo kwa sauti mbele ya Kadhi zinachekesha zenyewe.

Kisha kuna kiapo. Mnasahau kuwa ule msingi wa ushahidi ni juu ya mwenye kudai na kiapo ni juu ya mwenye kukanusha ndo unaotembea mle ndani. Akikanusha gari si yake, omba aapishwe juu ya gari. Nimewaona wanaume wanoweza kusema uongo kwa wakili wao bila kupepesa jicho, wakifika kwenye kuapa kwa Mola wao wanaomba maji ya kunywa.

Mikarafuu ya kwao iwache. Ni urithi wake, si mali mliyochuma, ukiing'ang'ania utaonekana mwenye tamaa na madai yako mazuri yatachafuka nayo. Labda kama ulipanda miche mipya kwa hela yako, hapo dai miche na si shamba.

Nafaka ya watoto, yaani hela za matunzo yao, usiichanganye kabisa na mgao. Lile lina njia yake na halingojei orodha ya mtu, na kama kuna mahari ulobakishiwa au nafaka ya eda hukupewa, dai sasahivi kwa majina yake, ni deni, wala hayo hayahitaji mchango.

Kama huna vakili, Kituo cha Huduma za Sheria wana ofisi Chake Chake, na kwenye shehia waulize wasaidizi wa sheria, wapo tokea kabla ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 na wengine wanajua mambo ya Kadhi kuliko sisi mawakili tunaovaa tai.

Ukipanda boti kuja Unguja kupeleka zuio, usirudi siku ileile. Lala, asubuhi pita Fuoni umtafute fundi. Kaulize pale penye msingi mpya, mafundi wanajuana.