Bonde la Mto Adige kwa Mtembezi wa Moshi

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwongoza watalii hapa Moshi, na mwezi Septemba nitamtembelea dada yangu anayeishi Verona, Italia. Nikipata siku mbili, bonde la Adige lina nini kwa mtu aliyezoea mlima?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba. Panda treni kutoka Verona hadi Bolzano, kwa kuwa reli hiyo inafuata mto karibu njia nzima, nawe utayaona mashamba ya mizabibu na majabali kupitia dirishani.

Mjini Bolzano usiikose makumbusho ya Ötzi, mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita na ambaye mwili wake ulipatikana kwenye barafu ya Alpi mwaka 1991. Anatazamwa kupitia kidirisha, katika chumba chenye baridi ya nyuzi 6 chini ya sifuri, na karibu naye yamewekwa shoka lake la shaba na viatu vyake vilivyojazwa nyasi. Wewe unayewavalisha wageni viatu vya mlimani utavitazama kwa muda mrefu.

Siku ya pili ningekushauri baiskeli. Anzia Resia, karibu na chanzo cha Mto Adige, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako mnara wa kanisa la kijiji kilichofunikwa na bwawa mwaka 1950 bado umesimama majini. Kisha teremka kuelekea mji wa Merano katikati ya mashamba ya matofaa, ambayo Septemba huwa yanavunwa. Beba koti, maana asubuhi huko juu kuna baridi.