Maswali ya Wasomaji: Pasta ya Steki, Krimu na Jibini

Barua zilizofika kwenye safu hii hivi karibuni zimekuwa na mada moja inayojirudia: pasta yenye vipande vya steki ndani ya sosi nzito ya krimu na jibini, chakula ambacho familia nyingi hukipenda jioni za siku za kazi lakini ambacho huwaponyoka wapishi wengi dakika za mwisho. Nimechagua maswali yanayogusa kiini cha jambo, na mengine nimeyajibu kwa kirefu zaidi kwa sababu yanastahili.

Swali: Ndugu mwandishi, salamu. Pasta yangu huanza vizuri, lakini muda mfupi kabla ya kupakua sosi hukatika: mafuta hupanda juu na jibini hushikamana kwenye mwiko kwa madonge. Nimejaribu kuongeza krimu, kisha nikajaribu kuongeza jibini, na hali ikazidi kuwa mbaya. Nakosea wapi? (Mama wa watoto watatu)

Jibu: Salamu nyingi, mama. Tatizo haliko kwenye kiasi cha krimu wala cha jibini, bali liko kwenye moto. Ndani ya jibini, mafuta na maji hushikiliwa na wavu wa protini iitwayo kaseini. Ikipata joto la wastani, wavu huo hulegea na jibini huyeyuka, lakini ikichemshwa protini hizo hukazana na kukamua mafuta na maji yaliyokuwa ndani yake, na hapo ndipo unapoyaona madonge chini na mafuta juu. Ukiongeza jibini kwenye sosi ambayo bado inatokota, unaongeza tu protini nyingine zitakazopatwa na yaleyale. Kwa hiyo sosi ya krimu ikishakuwa nzito kiasi, epua kikaango, subiri kama dakika moja mpaka mapovu yatulie kabisa, kisha tia jibini iliyokunwa kidogo kidogo huku ukikoroga, na usitie konzi ya pili kabla ya ile ya kwanza kuyeyuka. Joto lililobaki kwenye krimu linatosha kwa kazi hiyo.

Msaidizi wako mwingine ni wanga uliomo kwenye maji uliyochemshia pasta. Wanga hukaa katikati ya protini na kuzizuia zisishikane, na pia huyasaidia mafuta na maji yachanganyike bila kutengana. Chota kikombe kimoja cha maji hayo kabla ya kuchuja, jambo ambalo husahaulika kwa urahisi sana mtu anapokuwa na haraka, na kwa hiyo nashauri kikombe kiwekwe kando ya chujio tangu mwanzo. Kwa sababu hiyohiyo napendelea maji machache kidogo kuliko inavyoagizwa mara nyingi: lita 3 zinatosha kwa gramu 400 za pasta, kwa kuwa kadiri maji yanavyopungua ndivyo wanga unavyokolea ndani yake.

Aina ya jibini nayo ina uzito wake. Cheddar changa na Gouda changa huyeyuka kwa ulaini na zinafaa kuwa msingi wa sosi. Parmesan, ambayo hukomazwa kwa muda usiopungua miezi 12, ina maji machache na haiyeyuki kwa wepisi huo, kwa hiyo itumike kwa kiasi kidogo kama kiungo cha ladha. Mozzarella huvutika nyuzi, na hiyo ni raha ya pizza zaidi kuliko ya sosi. Tena nunua kipande kizima ukikune mwenyewe, kwa maana jibini inayouzwa ikiwa imeshakunwa kwa kawaida hupakwa wanga au unga wa selulosi ili isigandamane mfukoni, na unga huo huweza kuifanya sosi iwe na chembechembe. Sosi ikikatika licha ya yote haya, iondoe motoni, tia vijiko vichache vya maji ya pasta na uikoroge kwa nguvu. Mafuta yaliyojitenga huweza kurudi, ila madonge ya protini yakishakazana hayalainiki tena.

Swali: Mwandishi mpendwa, sarara ni ghali, na mimi hununua nyama ya ng'ombe ya kawaida. Nikiikata vipande na kuikaanga hutoa maji mengi, hugeuka rangi ya kijivu na huwa ngumu kutafuna. Je, chakula hiki ni cha wenye kumudu sarara peke yao? (Baba mpishi)

Jibu: La hasha, baba. Sarara ni laini lakini haina ladha nzito, na ndani ya sosi ya jibini ladha yake humezwa kabisa, kwa hiyo kwa chakula hiki mimi nisingeitumia hata kama ningepewa bure. Nyama ya nyonga hufaa zaidi. Ya kuepuka ni ya muundi na ya shingo, kwa sababu tishu zinazoziunganisha nyuzi zake hulainika tu kwa kupikwa polepole kwa saa kadhaa, na jioni ya siku ya kazi haina saa hizo.

Ugumu na ule ukijivu vinatokana na jinsi ya kukaanga. Nyama hupata rangi ya kahawia na harufu yake tamu kutokana na mabadiliko ya kikemia yaliyoelezwa na mkemia wa Ufaransa, Louis-Camille Maillard, mwaka 1912, ambapo protini na sukari zilizomo kwenye nyama huungana na kuzaa ladha mpya. Mabadiliko hayo hushika kasi uso wa nyama unapofika nyuzijoto 140 hivi, ilhali maji huchemka kwa nyuzijoto 100, kwa hiyo maadamu kuna maji kwenye kikaango nyama yako inachemshwa tu. Vipande vidogo vilivyorundikana hutoa maji mengi kuliko yanayoweza kukauka kwa wakati. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba steki ikaangwe ikiwa nzima na ikatwe baadaye. Ikaushe vizuri kwa karatasi ya jikoni, pasha kikaango kizito mpaka mafuta yaanze kutetemeka, iweke bila kuigusagusa, na kwa steki yenye unene wa sentimita mbili na nusu uhesabu dakika 3 hadi 4 kila upande. Kisha iache kwenye sahani kwa dakika 5 hadi 10, na uikate vipande vyembamba kwa kuukingamisha uzi wa nyama, yaani kisu kikate nyuzi badala ya kufuatana nazo. Hatua hii ya mwisho peke yake huifanya nyama ya kawaida itafunike kwa wepisi.

Kuhusu chumvi, itie ama papo hapo kabla ya kukaanga, ama angalau dakika 40 kabla, kwa kuwa katikati ya nyakati hizo chumvi huwa imevuta maji juu ya nyama na maji hayo bado hayajarudi ndani. Anayetoka nyumbani asubuhi anaweza kuitia chumvi kabla ya kuondoka na kuiacha kwenye friji bila kuifunika. Jioni ataikuta imekolea na uso wake umekauka. Na ikiwa nyama uliyoipata ni ngumu kweli, ikate nyembamba ikiwa mbichi, ichanganye na nusu kijiko cha chai cha baikaboneti ya soda kwa kila gramu 350, ngoja dakika 15, isuuze, ikaushe, na uikaange kwa mafungu madogo madogo. Iwe baikaboneti halisi, si baking poda wala magadi.

Swali: Narudi kazini nimechoka na watu watano wanasubiri chakula. Naomba vipimo, na utaratibu wa kazi utakaonifikisha mezani ndani ya dakika 40. (Msomaji wa siku nyingi)

Jibu: Andaa pasta fupi gramu 400, steki gramu 600, krimu nzito mililita 300, jibini inayoyeyuka gramu 150 pamoja na Parmesan kidogo, uyoga gramu 200, kitunguu maji kimoja, punje tatu za kitunguu saumu na kijiko kikubwa cha siagi. Nasema pasta fupi, kama penne, rigatoni au fusilli, kwa sababu matundu na mikunjo yake hushika sosi na vipande vya nyama, wakati spageti huviacha vyote vikaanguka chini ya sahani.

Bandika maji kwanza kabla hata ya kubadilisha nguo, kwa kuwa ndiyo yanayochelewa, na uyatie vijiko vitatu vya chai vya chumvi. Yakiwa jikoni, kata kila cha kukatwa na ukune jibini yote, maana ukishaanza kukaanga hutapata nafasi tena. Kaanga steki na uiweke kando, na wakati huohuo tia pasta kwenye maji. Kikaango usikioshe kamwe! Ile rangi ya kahawia iliyoganda chini ndiyo utamu wote wa sosi yako. Punguza moto, tia siagi, kaanga uyoga na kitunguu maji mpaka vilainike, ongeza kitunguu saumu kwa nusu dakika, kisha mimina maji kidogo ya pasta ukikwangua chini kwa mwiko mpaka kikaango kiwe safi. Tia krimu, iache ichemke taratibu kwa dakika 3 au 4, na uitoe pasta dakika 2 kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti ili imalizie kuiva ndani ya sosi. Hapo ndipo uepue, utie jibini jinsi nilivyomweleza mama hapo juu, na mwisho kabisa utie steki iliyokatwa pamoja na maji yake yote yaliyobaki kwenye sahani. Chumvi ionjwe sasa, si mapema, kwa kuwa jibini na maji ya pasta vimekuja na chumvi yake. Sosi iwe nyepesi kidogo kuliko unavyoitaka, kwani itazidi kuwa nzito ikiwa mezani.

Swali: Je, naweza kutumia maziwa badala ya krimu? (Msomaji)

Jibu: Unaweza, lakini si kwa kuyamimina tu. Krimu nzito yenye mafuta asilimia 35 huvumilia kuchemka, wakati maziwa hukatika kwa urahisi zaidi. Yape maziwa ulinzi wa unga: yeyusha gramu 30 za siagi, koroga humo gramu 30 za unga wa ngano kwa dakika moja au mbili, kisha ongeza mililita 500 za maziwa kidogo kidogo mpaka sosi ifunike mgongo wa kijiko.

Swali: Binti yangu ni mjamzito na mjukuu wangu ana miaka miwili. Wanaweza kula steki yenye wekundu ndani? (Bibi)

Jibu: Hapana, bibi, hao wapikiwe nyama iliyoiva kabisa. Mtu mzima mwenye afya anaweza kula steki nzima iliyofika nyuzijoto 63 katikati na kupumzishwa dakika 3, ila kwa mjamzito na mtoto mdogo endelea mpaka wekundu uishe. Kipande cha mtoto kikatwe kidogo sana ili kisimkwame kooni.

Swali: Pasta iliyobaki nikiipasha moto hugeuka mafuta matupu. Nifanyeje? (Mwanafunzi)

Jibu: Iweke kwenye friji kabla ya saa 2 kupita tangu ilipopikwa, na uile ndani ya siku 3. Wakati wa kuipasha, tia vijiko kadhaa vya maziwa, funika, tumia moto mdogo na ukoroge mara kwa mara. Ukitumia maikrowevu, weka nguvu ya kati na usimame kukoroga kila baada ya dakika moja. Chakula kinapaswa kupata joto la nyuzijoto 74 kote, nalo liko chini ya kiwango cha kuchemka, kwa hiyo inawezekana kukipasha kwa usalama bila kuikata sosi. Usikigandishe kwenye friza, kwa sababu sosi ya krimu hutengana inapoyeyuka na pasta hulainika kupita kiasi. Ukijua mapema kwamba chakula kitabaki, tenga vipande vya steki pembeni na uvirudishe pale pasta inapokuwa imeshapata moto, visije vikakakamaa kwa kupikwa mara ya pili.