Maswali ya Wasomaji: Kopo la maji limepasuka, je, la gari lingine linafaa?

SWALI: Nina Land Rover Defender 110 yenye injini ya dizeli ya 300Tdi, ninayoitumia kubebea viazi kutoka shambani. Kopo la maji ya rejeta limepasuka kwenye maungio yake, na kila ninapopanda milima ya barabara ya Chunya maji hupungua na mshale wa geji ya joto hupanda. Fundi mmoja amenishauri nifunge kopo la pikapu ya Toyota kwa kuwa ni jipya na bei yake ni nafuu. Tayari ameuziba mpira mmoja mwembamba unaotoka kwenye rejeta, akisema hauna kazi. Je, nimruhusu aendelee? (Msomaji, Uyole, Mbeya)

JIBU: Usimruhusu, na mpira aliouziba uzibuliwe kabla gari halijatoka tena barabarani.

Makopo hayo mawili hufanana kwa sura, lakini kazi zake ni tofauti kabisa. Katika pikapu nyingi za zamani za Toyota, mfuniko wenye springi uko juu ya rejeta, na kopo la pembeni hupokea tu maji yanayofurika na kuyarudisha injini inapopoa. Halibebi presha yoyote. Katika Defender yako, mfuniko unaoshikilia presha uko kwenye kopo lenyewe, kwa hiyo kopo ni sehemu ya mzunguko na hubeba presha ya takribani baa 1 zaidi ya hewa ya nje. Ukifunga lile la Toyota, ama halitashikilia presha hata kidogo, ama litapasuka na kumwaga maji ya moto ndani ya boneti.

Presha hiyo ina maana kubwa zaidi kwetu tunaoishi nyanda za juu kuliko kwa wenzetu wa pwani. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700, ambako maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100, na barabara ya Chunya inapanda hadi kupita mita 2,000, ambako huchemka mapema zaidi. Themostati ya injini yako, yaani vali inayoruhusu maji ya moto kwenda kwenye rejeta, huanza kufunguka kwenye nyuzi 88 hivi, kwa hiyo bila presha unabaki na nyuzi chache tu kati ya joto la kawaida la kazi na maji kuchemka. Mfuniko mzima wa baa 1 hukisogeza kiwango hicho hadi zaidi ya nyuzi 115. Ndiyo maana kopo lenye ufa mdogo, ambalo katika mitaa tambarare halionyeshi tatizo lolote, hukuumbua mlimani ukiwa na mzigo.

Kabla hujanunua kopo jipya, hakikisha lile la zamani limepasuka kwa uzee. Plastiki iliyochoka hugeuka manjano au kahawia, na pembezoni mwa ufa utaona ukoko mkavu ulioachwa na maji yaliyokuwa yakivuja kidogo kidogo. Ikiwa kopo halina dalili hizo za uchakavu, shuku gasketi ya silinda hedi, yaani kizuia mvujo kilicho kati ya injini na kichwa chake. Washa injini asubuhi ikiwa baridi na uushike mpira mkubwa wa juu wa rejeta: ukiwa mgumu ndani ya dakika chache, kabla maji hayajapata moto, au ukiona mapovu yasiyokoma ndani ya kopo, basi moshi wa mwako unaingia kwenye maji, na kopo jipya nalo litapasuka.

Sasa tuje kwenye mipira. Mpira mnene unatoka chini ya kopo na kuungana na mpira wa chini wa rejeta, upande ambao pampu inavuta maji. Huo ndio unaoilisha injini. Mpira mwembamba unatoka sehemu ya juu ya rejeta na kuingia sehemu ya juu ya kopo, na kazi yake ni kutoa hewa na mvuke unaokusanyika juu. Ukiuziba, hewa hukwama, maji hayazunguki sawasawa, na silinda hedi, ambayo kwenye injini hii ni ya aluminiamu, hupata joto sehemu moja kuliko nyingine hadi kupinda. Uvue mpira huo na uchungulie mdomo wa rejeta unapochomekwa: tundu lake ni dogo na mara nyingi huwa limejaa kutu laini ya rangi ya matofali. Pitisha waya mwembamba taratibu, kisha suuza kwa maji mpaka yatoke bila kizuizi.

Kopo lenyewe likae mahali pake pa asili, kwa sababu ni lazima liwe juu kuliko rejeta na injini. Mafundi wanaolishusha ili kupata nafasi ya betri ya pili wanaliharibu gari. Nunua mipira ya hita inayostahimili joto na kuifunga kwa klipu za skrubu. Mpira wa kumwagilia bustani hulainika kwa joto, na kamba za tyubu ya tairi hulegea siku ileile unapozihitaji. Nunua pia mfuniko mpya wa presha ileile.

Unapojaza, fungua vizibo viwili, kimoja juu ya rejeta na kingine kwenye nyumba ya themostati. Mimina polepole kupitia kopo. Maji yakitokea kwenye kizibo kimoja bila mapovu, kifunge, kisha uendelee na kingine. Tumia kulanti (dawa ya maji ya rejeta) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi ya betri yasiyo na asidi. Nawasihi wasomaji wasiidharau kulanti kwa kudhani ni ya nchi za theluji tu: huku kwetu Makete na Njombe hupata jalidi mwezi wa Juni na Julai, na zaidi ya hapo kulanti huizuia aluminiamu isiliwe. Usijaze kopo mpaka shingoni. Mfumo wako hubeba takribani lita 11, na zikipata moto huongezeka kwa karibu nusu lita, ambayo lazima ipate nafasi.

SWALI: Land Cruiser yangu ya dizeli ya zamani hutema maji kwenye kopo ninapopanda Kitonga, lakini gari likipoa hayarudi kwenye rejeta. Tatizo ni nini? (Msomaji, Ilula, Iringa)

JIBU: Gari lako ni la aina ile ya kwanza, lenye mfuniko wa presha juu ya rejeta. Injini inapopoa, kivalvu kidogo cha katikati ya mfuniko hufunguka ili maji yavutwe kurudi. Subiri injini ipoe kabisa, toa mfuniko, na ukivute kivalvu hicho kwa kucha: kinapaswa kufunguka kwa urahisi na kurudi chenyewe. Kama kimeganda, badilisha mfuniko. Kama ni kizima, kagua mpira mwembamba kati ya shingo ya rejeta na kopo, kwa kuwa ufa mdogo tu, au ncha ya mpira isiyozama ndani ya maji ya kopo, huifanya rejeta ivute hewa badala ya maji.